Faili nne za mono, faili moja ya chaneli nne: kusuka si kuchanganya

"Nilirekodi mazungumzo ya watu wanne kwa saa moja na dakika kumi. Watatu walivaa maiki ndogo za kifuani zilizoingia kwenye rekoda moja. Wa nne alikuwa na rekoda yake mwenyewe mfukoni. Sasa nina faili nne za WAV, zote mono, biti 24. Anayehariri video anataka nimpe 'faili moja yenye chaneli nne'. Nimeziweka zote kwenye programu ya kuhariri sauti nikahifadhi, lakini napata stereo ambayo wote wanne wamechanganyika. Rafiki yangu anasema nigeuze kila faili kuwa stereo kwanza, ndipo niziunganishe. Halafu faili ya yule wa nne inaanza sawa na wenzake, lakini ikifika mwishoni inasikika kama mwangwi. Nifanyeje, bila kununua programu? Na je, nikiunganisha ubora hautapungua?"

Kwanza nikutoe wasiwasi: hukuharibu kitu. Ulifungua faili nne, ukabonyeza hifadhi, na programu ikafanya kile inachofanya siku zote isipoambiwa vinginevyo. Ilidhani unataka kitu cha kusikilizwa na mtu mwenye masikio mawili, ikajumlisha kila ilichokikuta na kukutolea kushoto na kulia. Faili zako za asili bado ni nzima. Kabla hujaendelea, zinakili mahali pengine na usiziguse tena. Kazi yote ifanyike kwenye nakala.

Tatizo limeanzia kwenye neno lenyewe. "Kuunganisha" sauti kunabeba vitendo vitatu tofauti, na kila mtu akilitamka ana chake kichwani. Kuna kuunga moja baada ya nyingine, mwisho wa hii ukawa mwanzo wa ile. Kuna kuchanganya, zote zikasikika kwa pamoja. Na kuna kitendo ambacho mhariri wako anakitaka, ambacho mimi hukiita kusuka.

Sauti ya dijitali ni safu ndefu ya namba. Rekoda yako inapima wimbi la sauti mara 48,000 kwa sekunde (hiki ndicho kiwango cha kawaida cha kazi za video), na kila kipimo kinaandikwa kama namba moja, yaani sampuli. Faili ya mono ni namba hizo zimefuatana tu. Faili ya WAV yenye chaneli nne nayo ni namba zilizofuatana, ila kwa zamu: sampuli ya kwanza ya maiki ya kwanza, ya kwanza ya maiki ya pili, ya tatu, ya nne, kisha sampuli ya pili ya maiki ya kwanza, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Kila duru moja ya zamu huitwa fremu. Ni kama anayesuka ukili: kila mwaa unaingia kwa zamu yake, na ukiufumua unaupata mwaa ule ule, haukukatwa wala haukuyeyukia ndani ya mwingine.

Kuchanganya ni jambo jingine kabisa. Tuseme katika nukta fulani ya wakati maiki ya kwanza ina namba 1,200 na ya pili ina -300. Ukichanganya, inaandikwa 900. Nani atakayeitazama 900 ajue kwamba ilitoka 1,200 na -300, na si 500 na 400? Ndiyo maana mhariri hataki mchanganyiko. Mmoja wa wazungumzaji akikohoa wakati mwenzake anasema jambo la maana, yeye anataka kuizima maiki ya mkohozi peke yake. Ukimpa 900, umemnyang'anya uwezo huo na hakuna programu itakayomrudishia kikamilifu.

Kwa hiyo swali lako la ubora lina jibu fupi: kusuka hakupunguzi chochote. 1,200 inaingia kama 1,200 na kutoka kama 1,200. Ubora hupotea pembeni, katika vitu viwili ambavyo watu hawaviangalii. Cha kwanza ni biti, yaani nafasi inayopewa kila namba: umerekodi kwa biti 24, lakini programu kadhaa zisipoelekezwa huandika WAV ya biti 16. Cha pili ni aina ya faili. MP3 unayoijua haibebi zaidi ya chaneli mbili, kwa hiyo ukichagua MP3, programu italazimika kuchanganya utake usitake. Baki kwenye WAV, au FLAC ukihitaji kupunguza ukubwa bila kupoteza kitu. FLAC inabeba hadi chaneli nane.

Sasa ushauri wa rafiki yako. Najua ulikotoka: kuna programu za video zinazopeleka faili ya mono sikio moja tu, na watu wakazoea kuigeuza stereo ili isikike pande zote. Lakini kugeuza mono kuwa stereo ni kunakili namba zile zile mara mbili. Haziongezeki utamu. Ukisuka stereo nne utapata chaneli nane, nne zikiwa pacha wa nyingine, na mhariri atakupigia simu kuuliza hawa wengine ni akina nani. Halafu utagonga ukuta ambao wengi hawajui upo. WAV ya kawaida huandika ukubwa wake kwa namba ya biti 32, kwa hiyo haiwezi kuzidi gigabaiti nne na ushee. Chaneli nane za biti 24 kwa sampuli 48,000 hula baiti 1,152,000 kila sekunde, na ukuta unafika kwenye dakika ya 62. Mazungumzo yako ni dakika 70. Chaneli zako nne halisi zitachukua takriban gigabaiti 2.4 na kupita salama. Siku ukiwa na rekodi ndefu zaidi, chagua RF64 au W64, ambazo ni ndugu za WAV zilizotengenezwa kwa ajili ya kuuvuka ukuta huo.

Tuje kwenye mwangwi, maana hapo ndipo kazi yako ilipo. Kusuka kwenyewe ni amri ya mstari mmoja. Lakini ukisuka sasa hivi, kasoro ya maiki ya nne itasukwa humo humo, na kuirekebisha ndani ya faili ya chaneli nne ni usumbufu mtupu.

Kila rekoda ina saa yake ya ndani, kipande cha fuwele ya kwotsi kinachotetema na kuhesabu ni lini sampuli ichukuliwe. Hakuna fuwele mbili zinazotetema sawasawa kabisa. Joto la mfukoni tu linatosha kuzitofautisha. Rekoda zako zote mbili zimeandikwa 48,000, lakini tuseme ile ya mfukoni kwa kweli ilikuwa ikichukua 48,001. Sampuli moja kwa sekunde! Hakuna sikio litakaloisikia. Ila haba na haba hujaza kibaba: katika dakika 70 zimeshakuwa sampuli 4,200 za ziada, ambazo ni milisekunde 87 na nusu. Na kwa kuwa faili imeandikwa kichwani kwamba ni ya 48,000, kompyuta inaicheza kwa 48,000, na ziada yote inageuka kuchelewa. Kwa maneno ya kusemwa, ukishapita milisekunde 30 hivi sikio huanza kusikia sauti mbili badala ya moja. Huo ndio mwangwi wako. Maiki zile tatu hazina shida hii kati yao kwa sababu zilihesabiwa na saa moja, kwa hiyo usijaribu kuzirekebisha.

Dawa yake ni kupima. Tafuta mlio mkali wa ghafla karibu na mwanzo ambao umesikika kwenye rekoda zote mbili, na mwingine karibu na mwisho. Kama mlipiga makofi kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, umepona. Kama hamkupiga, tafuta kikombe kilichowekwa mezani, mlango, au hata herufi "p" ya mzungumzaji mmoja, maana maiki ya wa nne ilikuwa ikiwasikia wenzake kwa mbali. Angalizo moja ambalo watu hulisahau: sauti husafiri mita moja kwa karibu milisekunde tatu. Mlio wa kwanza ukitoka kwa aliyekaa ubavuni mwa maiki na wa pili ukitoka mlangoni mita nne mbali, utakuwa umepima umbali ukidhani umepima saa. Milio yote miwili itoke mahali pamoja.

Vuta mchoro wa wimbi mpaka uone nukta moja moja, kisha andika namba ya sampuli ambapo mlio unaanzia. Nikupe mfano wa namba. Kwenye rekoda kuu, mlio wa kwanza uko sampuli ya 480,000 na wa mwisho uko 196,800,000. Kati yake kuna sampuli 196,320,000. Kwenye faili ya wa nne, kati ya milio ile ile miwili kuna 196,324,090. Gawanya hii ya faili ya nne kwa ile ya rekoda kuu: 1.00002083. Hiyo ndiyo kasi ambayo faili ya nne inatakiwa kuongezewa. Kwa SoX, programu ya bure ya kuandika amri, ni hivi (faili ya wa nne nimeiita D, na za wenzake A, B na C):

sox D.wav D2.wav speed 1.00002083

Amri hii inaharakisha kila kitu kwa pamoja, hata kimo cha sauti (wembamba au uzito wake), lakini sauti inapanda kwa chini ya sehemu moja ya elfu mbili ya nusutoni. Hata mpiga kinanda mwenye sikio kali hatakusuta. Kama faili yako imepungukiwa badala ya kuzidi, mgawanyo utakupa namba iliyo chini ya 1, kama 0.99998, na amri ni ile ile.

Wapo mafundi wanaokataa njia hii. Wao huikata faili ya nne kwenye vituo vya mazungumzo, kila dakika kumi hivi, na kusogeza kila kipande mahali pake. Inafanya kazi, na ina sifa kwamba namba za asili haziguswi. Mimi siipendi kwa mazungumzo marefu, kwa sababu mvumo wa chumba nao hukatika na kurukaruka pale unapokata, na utaanza kuziba viraka. Njia ambayo nakukataza kabisa ni ile ya kurefusha au kufupisha muda huku sauti ikibakia pale pale. Hiyo hukata wimbi vipande vidogo vidogo na kuvishona upya, na maneno hutoka na ukungu wa kibati.

Jambo la kuchunguza kabla ya yote haya: kama tofauti ni ya dakika na si milisekunde, saa ya ndani haina kosa. Rekoda moja iliwekwa kwenye 44,100 na nyingine 48,000. Dakika 70 zilizorekodiwa kwa 44,100 zikichezwa kama 48,000 humalizika kwenye dakika ya 64 na sekunde 19 hivi, na mzungumzaji husikika kama amekunywa kahawa nyingi. Hapo unabadilisha kiwango cha sampuli kwanza, kwa amri au kwa programu ya kuhariri, kabla ya kupima chochote.

Ukishaisawazisha kasi, weka mianzo sawa. Kanuni yangu: ongeza ukimya, usikate. Iliyochelewa kuanza iongezewe ukimya mwanzoni, na iliyowahi kwisha iongezewe mwishoni, mpaka zote nne ziwe na urefu uleule hadi sampuli ya mwisho. Kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, ni kazi ya dakika chache: ziweke nne kwa mpangilio wa juu kwenda chini, sogeza ya nne mpaka mlio wa kwanza ulingane na wa wenzake, kisha hakiki kwa mlio wa mwisho. Ikilingana mwanzo na mwisho, kwa kawaida katikati nako kunalingana. Sikiliza kipande kimoja cha katikati kujiridhisha.

Sasa kusuka. Kwenye Audacity hiyo hiyo, unapofungua dirisha la kuhamisha faili, kuna mahali pa kuchagua chaneli. Usichague mono wala stereo. Chagua ile ya tatu, ya kupanga mwenyewe. (Kwenye matoleo ya zamani inabidi uiruhusu kwanza katika mipangilio ya uhamishaji.) Litafunguka dirisha dogo lenye visanduku vya faili zako upande mmoja, chaneli upande wa pili, na mistari inayoviunganisha. Vuta idadi ya chaneli iwe nne, futa mistari iliyopitiliza, na uhakikishe kila kisanduku kina mstari mmoja unaokwenda kwenye chaneli yake. Kisha chagua WAV, biti 24. Dirisha hilo ndilo ulilokuwa hujalifungua.

Ukipenda amri, na mimi napenda kwa sababu inarudiwa kesho bila kukumbuka ulibonyeza wapi, SoX inavijua vile vitendo vitatu na inavitofautisha kwa alama ndogo sana:

sox -M A.wav B.wav C.wav D3.wav pamoja.wav

(D3 hapa ni ile D2 ikiwa imeshaongezewa ukimya.) Herufi M kubwa ni kusuka. Ukiandika m ndogo, SoX itachanganya na kukutolea mono moja. Ukisahau alama yenyewe, itaunga moja baada ya nyingine, na utapata faili ya saa nne na dakika arobaini. Nimeshamwona mtu akiilaumu kompyuta nusu siku kwa herufi hiyo moja.

Kwa FFmpeg, programu nyingine ya bure ya kuandika amri, ambayo huenda tayari unayo:

ffmpeg -i A.wav -i B.wav -i C.wav -i D3.wav -filter_complex "[0:a][1:a][2:a][3:a]amerge=inputs=4[a]" -map "[a]" -c:a pcm_s24le pamoja.wav

Mabano yale yanapanga foleni: faili ya kwanza ni 0, ya pili ni 1. Ukitaka wa tatu awe chaneli ya kwanza, badilisha foleni. Neno amerge ndilo la kusuka. Usilikosee na amix, ambalo huchanganya na tena hupunguza sauti ya kila mmoja. Sehemu ya pcm_s24le ndiyo inayolinda biti zako 24. Ukiiacha, FFmpeg huandika WAV ya biti 16 bila kukuuliza. Na amerge hukoma pale faili fupi kuliko zote inapokoma, hivyo kama ulipuuza ule ukimya wa mwishoni, maneno ya kuagana yatapotea. Programu pia itakuandikia onyo kwamba mipangilio ya chaneli imegongana. Usishtuke. Kila mono inajitambulisha kuwa chaneli ya katikati, na FFmpeg inakwambia tu kwamba imeona "katikati" nne na itazipanga kwa foleni uliyotoa.

Hapo watu wengi hufanya kosa la mwisho: wanaifungua faili mpya kwenye simu, wanasikia wote wanne kwa pamoja, na kusema imeshindikana tena. Haikushindikana. Simu ina spika moja au mbili, nayo ikipewa chaneli nne hujumlisha wakati wa kucheza, huku faili yenyewe ikiwa imetulia na chaneli zake nne. Masikio si kipimo hapa; tumia ffprobe, inayokuja pamoja na FFmpeg. Andika

ffprobe pamoja.wav

na usome mstari wa sauti. Unataka kuona 48000 Hz, kisha 4.0 au maneno yanayotaja chaneli nne, kisha biti 24. Au irudishe kwenye programu ya kuhariri, uone mawimbi manne. Ukitaka uhakika usio na shaka, toa chaneli moja:

sox pamoja.wav tatu.wav remix 3

halafu weka tatu.wav na C.wav juu kwa chini, zianzie sifuri, geuza moja wima (kilele kiwe bonde), na uzicheze pamoja. Kama hakuna kilichobadilika, namba zinafutana na unapata ukimya mtupu. Ukisikia hata mnong'ono, kuna hatua imegusa sauti. Nafanya jaribio hili kila ninapotumia programu nisiyoizoea.

Kuhusu ile 4.0. WAV inaweza kubeba kichwani maelezo ya kila chaneli ni ya spika ipi, na FFmpeg ikikuta chaneli nne bila maelezo huzipa mpangilio wake wa kawaida: mbele kushoto, mbele kulia, katikati, nyuma. Kwako hayo hayana maana, kwani una watu wanne na si spika nne. Lakini ndiyo sababu kifaa cha kawaida kinaweza kukuchezea wa kwanza kushoto, wa pili kulia, na waliobaki pande zote. Usianze kuhangaika kumhamisha mtu.

Mpangilio unakuwa suala zito pale chaneli zinapokuwa za spika kweli, na hapo nina kovu langu. Miaka ya nyuma nilisuka mono sita za sauti ya kuzunguka kwa mpangilio niliouzoea wa filamu: kushoto, katikati, kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia, besi. Mahali ilipokwenda kuonyeshwa, mashine ilisoma kwa mpangilio wa WAV: kushoto, kulia, katikati, besi, nyuma kushoto, nyuma kulia. Mazungumzo yote yalitoka kwenye spika ya kulia. Mvua niliyoiweka nyuma kushoto iliingia kwenye spika ya besi na kuzama, na ngurumo zenyewe zikawa zinakoroma kwenye spika ndogo ya nyuma kulia. Namba zote zilikuwa sahihi, foleni tu ilikuwa ya nyumba nyingine. Tangu hapo kila faili ya chaneli nyingi ninayotoa huambatana na karatasi inayosema chaneli ya ngapi ni ya nani. Wewe pia fanya hivyo: chaneli 1 fulani, chaneli 2 fulani, hadi 4, pamoja na kiwango cha sampuli na biti. Na kila mzungumzaji ajitaje jina mwanzoni siku nyingine mkirekodi. Ni karatasi isiyopotea.

Kabla ya kufanya yote haya, muulize mhariri wako swali moja: anataka chaneli nne ndani ya mkondo mmoja, au atapokea mono nne zinazoanzia mahali pamoja? Programu nyingi za kuhariri video hupokea mono nne vizuri tu, na zina faida: ukigundua kesho kwamba maiki ya nne bado imechelewa kidogo, unamtumia moja tu badala ya gigabaiti mbili na nusu upya. Faida ya faili moja ni kwamba haipotezi wenzake njiani, na hakuna atakayeisogeza moja kwa bahati mbaya akaziacha tatu. Wapo pia wanaosema "chaneli nne" wakimaanisha faili ya video yenye treki nne za sauti zilizojitenga, jambo ambalo ni tofauti na chaneli nne za treki moja. Mimi ningemtumia faili iliyosukwa kama alivyoomba, na zile nne zilizosawazishwa nikazihifadhi kwa mwaka mzima.

Kazi hii unaiweza mwenyewe nyumbani, isipokuwa katika hali chache. Kama umepima milio mitatu au minne na kuchelewa hakuongezeki sawasawa, bali kunaruka ghafla katikati, basi rekoda ya mfukoni ilidondosha sampuli, na kasi moja haitaitibu; mpelekee fundi wa sauti faili za asili pamoja na kadi yenyewe, na usiandike kitu kingine kwenye kadi hiyo. Kama rekodi ni ushahidi wa shauri fulani, usiibadilishe kasi wala kuisuka kabla ya kuzungumza na anayeshughulikia shauri, hata kama una nakala. Na kama siku moja utahitaji kuchanganya kwa ajili ya spika sita, hilo halifanyiki kwa kuangalia mawimbi. Kaa na mtu kwenye chumba chenye spika hizo na msikilize pamoja.